Shuka la Mzee Machibya Lilivyovuka Ugalla Mara Mbili

Saa mbili asubuhi mtaani Shanwe, Mpanda mjini, cherehani ya Sikujua Machibya inanguruma, inasimama, inanguruma tena. Kila inaposimama ni kwa sababu hiyo hiyo: mtu kaingia mlangoni na kipande cha shuka kuukuu mkononi.

Anayeingia sasa hivi ni Mwanne, muuza vitenge wa sokoni na mwenyekiti wa kikoba chao. Kipande chake amekikunja kwa adabu, utadhani amebeba barua ya posa. Anakiweka mezani kwa mikono miwili.

"Nimekifua, nimekipiga pasi, nimekifukiza na udi," anasema. "Mama akisema kinanuka, ajue ni pua yake."

"Udi wa nini tena, mwenyekiti?" anacheka Sikujua. "Shuka la mfugaji hili. Ng'ombe wakilisikia watadhani kuna harusi."

Kwenye kigoda karibu na mlango, mama yake Sikujua, Bibi Ngolo, anachambua maharage kwenye ungo. Hainui kichwa.

"Vimefika vyote?"

"Vinane, mayu," anajibu Sikujua, akimwita mama yake kwa Kisukuma. "Bado cha Scola tu, na Scola hana cha kuleta. Si unajua."

"Najua. Mwambieni aje hivyo hivyo."

Kwa mpita njia, vipande vinane vya shuka lililopauka si kitu cha kumsimamisha fundi mwenye magauni matatu ya harusi ya Jumamosi. Wenye magauni yao wameshapiga simu. Mmoja kapiga mara mbili, ya pili bila salamu.

Lakini leo magauni yatasubiri. Shuka hili limevuka Mto Ugalla mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa kichwani kwa mwanamke mjamzito aliyeshika mkia wa ng'ombe. Mara ya pili, wiki mbili zilizopita, liliingia kwenye boti likiwa zima na kutoka likiwa vipande. Mkasi uliolikata ni wa Sikujua mwenyewe.

Sikujua ana miaka thelathini na tatu. Wazazi wake ni Wasukuma waliotoka upande wa Meatu na ng'ombe wao, wakashuka kusini kutafuta majani mpaka wakaishia Katavi. Yeye hakuyataka majani. Alipomaliza darasa la saba aliomba cherehani badala ya ndama, na baba yake, Mzee Machibya, alikaa siku nzima zizini na ng'ombe wake. Kesho yake akauza ndama.

Tangu hapo anashona. Sare moja ya kikundi humpatia elfu kumi na tano, akitoa uzi na umeme inabaki ya kununulia mboga na kidogo cha ada. Mume wake, Method, analima mahindi Mishamo na hurudi mwisho wa wiki akiwa na vumbi linalotosha kuotesha mchicha.

"Mimi sijawahi kuvaa nguo niliyoshonewa na mtu," anasema. "Method alinishonea kifungo mara moja. Alikishona pamoja na kidole chake."

Kikoba chao kina wanawake tisa wa Shanwe na Kawajense. Kila Septemba wanakivunja na kugawana walichoweka, na siku hiyo lazima kuwe na shughuli. Miaka yote ilikuwa pilau na muziki kwenye uwanja wa nyumba ya Mwanne. Mwaka huu mwenyekiti akaja na jambo jipya.

"Niliona kwenye simu watalii wamekaa kwenye boti, mtoni," anasimulia Mwanne. "Miguu juu, kofia pana, mtu anakunywa juisi kiboko anamwangalia. Nikasema, ule mto si uko hapa kwetu? Kiboko si wetu? Mbona sisi hajawahi kutuangalia?"

Hoja ilipita. Akatafutwa mwenye boti upande wa Nsimbo, siku ikapangwa, na Sikujua akapewa jukumu kwenye kundi la WhatsApp: fundi, tuambie tuvae nini na tubebe nini.

Akaingia kazini kama waziri. Alituma ujumbe wa sauti ambao wenzake wanausikiliza mpaka leo wakitaka kucheka. Mikono mirefu, kwa sababu ya jua. Gauni pana, suruali nyepesi ndani, maana kupanda boti si sawa na kupanda kitanda. Viatu vya raba. Kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni. Nguo kavu ya kubadilisha, ifungwe kwenye mfuko wa nailoni. Maji ya kunywa, sabuni, dawa ya tumbo.

Aliyejibu wa kwanza ni Scola, mwenye saluni ya Kawajense, dada ambaye kope zake zikipepesa mteja hahitaji feni.

"Fundi, raba na gauni? Tunakwenda kwenye boti au kupalilia?"

"Scola, ukivaa kisigino ukatoboa boti, mamba hatauliza nani kalileta lile shimo."

"Basi nabeba mkononi. Nikifika kwenye picha navaa."

Zikafuata siku tatu za mabishano. Wigi moja au mawili? Chapati ziwekwe kwenye hotipoti au ndoo? Jiko la mkaa linaruhusiwa? Hilo la jiko lilikataliwa, ingawa aliyeliuliza alinuna hadi Jumatano.

Jambo moja tu halikubishaniwa: rangi ya sare.

Msomaji anayeijua nchi hii ananielewa. Wanawake kumi wakienda mahali pamoja bila sare, huo ni msafara wa kutafuta maji. Sare lazima. Mwanne alikuwa na jora la kitenge dukani, bluu iliyokoza yenye madoa makubwa meusi, limekaa rafuni tangu mwaka jana. Akalileta, akalifunua mezani kwa Sikujua, na wote wakaguna kwa kupendezwa.

"Bluu ya maji," alisema Mwanne. "Tukikaa kwenye boti, mtu asijue mto unaishia wapi na sisi tunaanzia wapi."

Akaongeza sharti: siku hiyo hakuna kujifunga khanga juu ya sare. Khanga zinaharibu picha.

"Sisi tumewahi kubishana saa nzima kuhusu soda," anasema Sikujua. "Kwenye bluu tulikubaliana hapo hapo. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka."

Kabla hatujapanda boti, turudi kwa Bibi Ngolo na maharage yake. Safari hii, kwa Sikujua, haikuwa ya picha. Ilikuwa ya mama yake.

Bibi Ngolo anaogopa maji. Si kidogo. Mvua ikijaza mfereji wa mtaani anazunguka mpaka barabara kubwa. Beseni la kufulia likijaa sana, anamwita mjukuu alimwage nusu. Chanzo chake ni Ugalla.

Mwaka ule mvua zilikata kwao Meatu. Familia ikaswaga ng'ombe, wakatembea wiki kwa wiki, na kiangazi kikiwa kikali wakafika kwenye mto. Daraja lilikuwa mbali na njia ya mifugo. Bibi Ngolo alikuwa na mimba kubwa, ya mwisho mwisho.

"Machibya alichukua shuka letu la kulalia," anasimulia, na mikono yake inaacha maharage. "Yalikuwa mashuka mawili ameyaunga mwenyewe, kwa sindano ya magunia. Akanifunika kichwa chote. Akanipa mkia wa dume letu jekundu, akaniambia, shika, na usifunue mpaka nikwambie. Nikamuuliza, mto wenyewe mkubwa? Akasema, aa, kamto kadogo tu."

Hakuamini. Chini ya shuka alisikia maji yanavuma, ng'ombe wanapumua kwa nguvu, wanaume wanapiga kelele. Maji yakampanda kiunoni. Kamto kadogo gani hako?

Walipotoka ng'ambo, mume wake hakumwacha ageuke nyuma. Walitembea mpaka mlio wa maji ukapotea ndipo akamfunua. Siku nne baadaye, kwenye kambi ya porini, Sikujua akazaliwa.

Jina lake watu hudhani ni la majuto. Wapi. Bibi Ngolo alidhani tumbo linamuuma kwa viazi alivyokula, akawa anasubiri lipoe. Mkunga alipofika akauliza kwa nini hakuita mapema, akajibu ukweli.

Mzee Machibya alifariki miaka sita iliyopita. Ng'ombe walishagawanywa, trekta la kukodi likachukua nafasi ya dume jekundu. Bibi Ngolo alipohamia kwa binti yake Shanwe alikuja na begi moja la nguo, na ndani yake, chini kabisa, shuka.

"Mimi na yeye tulivuka pamoja, na hakuna aliyeuona mto," anasema Sikujua. "Mimi nilikuwa tumboni, yeye alikuwa shukani. Nilitaka tuuone. Maana miaka yote hiyo mama ana bahari kichwani. Anaota nayo. Nikasema asife nayo."

Alimbembeleza mwezi mzima. Alimwonyesha picha za boti, mama akafumba macho. Alimwambia kuna majaketi ya kuelea, mama akauliza kama yapo ya ng'ombe. Mwishowe, usiku mmoja wakila, Bibi Ngolo akaweka tonge chini.

"Nitakwenda. Ila shuka linakwenda na mimi, na tukifika mtoni linakwenda kichwani."

"Sasa utaona nini, mayu?"

"Nitasikia."

Sikujua akaona nusu shari. Akamshonea mama yake sare kama wengine, lakini Bibi Ngolo hakuivaa. Alivaa gauni lake la rangi ya udongo, akasema bluu ni ya wasichana.

Kosta iliondoka Shanwe asubuhi na mapema, wanawake kumi pamoja na Bibi Ngolo, hotipoti mbili, mawigi matatu. Barabara ya msituni ilikuwa na vitambaa vimetundikwa kwenye miti, hapa kimoja, mbele kingine. Bluu na nyeusi. Scola akawa wa kwanza kuviona.

"Jamani oneni! Hadi miti imevaa sare yetu!"

Wakashangilia. Mwanne akasema hayo ndiyo mapokezi. Hakuna aliyejiuliza nani anaivisha miti nguo, na kwa nini.

Mtoni walipokelewa na Deusdedit, dereva wa boti, kijana wa watu, mpole. Boti ilikuwa ndogo yenye viti vya mbao, wawili wawili, na turubai juu la kuzuia jua. Akawaambia mabegi makubwa yabaki kwenye Kosta, waingie na mikoba tu. Khanga zote, nguo za kubadilisha zote, zikabaki. Kisha akawaangalia wanawake tisa wenye bluu na nyeusi, akafungua mdomo.

"Mama zangu, hizo nguo..."

"Nzuri eeh?" alidakia Mwanne.

"Nzuri, mama."

Deusdedit anajitetea mpaka leo. "Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini mama mwenyekiti alishanipa simu niwapige picha, na walishaanza kuimba. Ungekuwa wewe ungesema?"

Alichotaka kusema ni hiki. Vile vitambaa vya barabarani ni mitego ya ndorobo, wale inzi wakubwa wanaouma kama sindano ya moto. Wataalamu wamegundua kwamba ndorobo hapendi rangi yoyote duniani kama anavyopenda bluu iliyokoza na nyeusi. Akiiona anaifuata. Kwa hiyo wanavitia dawa, wanavitundika, inzi anakuja, anakufa.

Wanawake wa kikoba hawakuwa na dawa.

Dakika chache za kwanza mtoni zilikuwa tamu. Bibi Ngolo alikaa kiti cha mbele na binti yake, shuka limemfunika mpaka magotini juu ya jaketi la kuelea, mkono mmoja umetoka nje kushika mkono wa Sikujua. Kila baada ya muda kidogo anauliza.

"Tumefika wapi?"

"Tumeanza tu, mayu. Kuna ndege mweupe amesimama kwa mguu mmoja."

"Ana nini mguu wa pili?"

Kisha mto ukapita karibu na msitu, matawi yakainama juu ya maji, na Scola akajipiga kofi la shingo.

"Nani kanichoma?"

Likafuata kofi la Mwanne, begani. Halafu la nyuma. Halafu boti nzima ikawa inapiga makofi, na mtu aliyesimama mbali angedhani kuna kwaya. Walikuja kwa wingi, wakatua kwenye bluu, wakauma kupitia kitambaa. Hotipoti ikaanguka, chapati zikatembea kwenye sakafu ya boti. Wigi moja likatumika kufukuzia inzi, na mwenye nalo hakulidai.

"Deusdedit!" alipiga kelele Mwanne. "Nini hiki?"

"Ndorobo, mama. Hiyo sare. Nyie mmevaa mtego."

Kila mmoja akakumbuka miti ya barabarani. Kisha wote wakamgeukia Scola kana kwamba ndiye aliyeivalisha.

"Geuza!" walianza kusema. "Geuza turudi!"

Deusdedit akapunguza mashine. Akawaeleza kwamba mbele, baada ya kona, mto unapanuka, kuna upepo, na ndorobo hawafiki katikati ya maji. Lakini kufika huko lazima wapite msitu wote. Kama hawawezi, bora wageuze sasa.

"Geuza, kaka, tutakufa," alisema Scola, na hapo hakuwa anatania. Jicho lake moja lilishaanza kuvimba.

Sikujua alikuwa ameumwa mikononi na shingoni. Lakini anasema kilichomuuma zaidi ni lile neno geuza. Mama yake asingepanda boti mara ya pili. Wangerudi Shanwe, shuka lingerudi kwenye begi, na ile bahari ingebaki palepale ilipo.

Alijipiga kofi jingine.

"Nini hicho kinapiga?" aliuliza Bibi Ngolo kutoka shukani. Yeye hakuwa ameguswa hata na mmoja.

"Ndorobo, mayu."

"Wanakula nani?"

"Wote. Wenzangu wanataka kurudi. Tunarudi."

"Tumefika wapi?"

"Hatujafika popote, mayu."

Mkono ule uliokuwa nje ya shuka ulipanda polepole kwenye mkono wa binti yake, ukapapasa. Ukakuta uvimbe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukasimama.

Kisha Bibi Ngolo akafunua shuka.

Hakuangalia mto. Macho yake yalikuwa kwa Sikujua tu, shingoni kwake, mikononi. Akalivua shuka lote, akalikunja mapajani mwa binti yake.

"Una mkasi?"

Fundi hatembei bila mkasi. Ulikuwa kwenye mkoba, na sindano na uzi. Lakini Sikujua hakuutoa.

"Hili la baba, mayu."

"Najua la nani. Nililala nalo kabla yako."

"Siwezi kulikata."

"Baba yako alinifunika nalo ili wewe uvuke. Sasa wewe unaliwa, mimi nimejifunika nimekaa. Kata, mwanangu, kabla sijabadili mawazo. Haya maji nayasikia."

Sikujua akatoa mkasi. Hakuanza kukata. Alianza na mshono wa katikati, ule wa sindano ya magunia, akaufumua uzi kwa uzi huku ndorobo wanamla.

"Nimeona mishono mibaya maishani," anasema. "Ule ulikuwa mbaya kuliko yote. Umepinda kama njia ya mbuzi. Na ndio ulionishinda kuliko yote. Alikaza kila hatua, unaona kabisa alikuwa anaogopa usiachie."

Mashuka yakawa mawili tena. Ndipo mkasi ukapita, akatoa vipande tisa, kila mwanamke kimoja. Walijifunika vichwa na mabega, wakavuta miguu ndani, waliokaa pamoja wakatandika ncha juu ya mapaja. Rangi ilikuwa ile ya maji ya mchele, imepauka kwa miaka. Bluu ikafichika.

Ndorobo hawakuisha, lakini walipungua. Deusdedit akakaza mashine. Hakuna aliyeimba. Bibi Ngolo, ambaye sasa ndiye pekee asiye na shuka, alikaa amefumba macho, kidevu kifuani, mikono miwili kwenye mkono wa mwanawe.

Baada ya kona, upepo uliwapiga usoni. Makofi yakakoma. Mtu akaanza kuokota chapati.

"Mayu," alisema Sikujua. "Fumbua."

"Bado."

"Hakuna inzi. Hakuna kitu. Fumbua."

Bibi Ngolo akafumbua jicho moja, kama mtoto anayechungulia mchezo wa kujificha. Halafu la pili. Akaangalia upande wa kushoto, akaona ukingo. Akaangalia kulia, akaona ukingo mwingine, na mti, na ndege juu ya mti.

"Ndio huu?"

"Ndio huu."

"Wote? Unaishia pale?"

"Unaishia pale, mayu. Ni kiangazi. Hata siku ile ilikuwa kiangazi."

Aliangalia muda mrefu. Mwanne akadhani anaanza kulia, akajiandaa kumshika. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke anayeongea na mume wake chumbani.

"Kumbe hakunidanganya," alisema. "Kamto kadogo kweli. Miaka yote hii nilijua ananidanganya."

Hapo ndipo alipolia, na Sikujua naye, na Scola kwa jicho moja.

Mbele yao maji yakatikisika, kichwa kikubwa kikaibuka, masikio yakachezacheza, na kiboko akawaangalia. Ilikuwa kama alivyoahidi mwenyekiti.

Bibi Ngolo akamnyooshea kidole. "Huyo sasa ndiye ambaye Machibya hakunitajia."

Walicheka mpaka boti ikayumba, na Deusdedit akaomba mama zake watulie, maana kucheka upande mmoja ni hatari. Scola akaona wakati wa picha umewadia. Alivaa visigino vyake, akakishika kipande chake cha shuka juu kwa mikono miwili kama bawa, akasema, "Piga!" Upepo ukapiga kwanza. Kipande kikamtoka, kikapaa, kikatua majini.

Scola alikaa chini, mikono kichwani.

"Mama nisamehe. Mama Ngolo, nisamehe jamani, mimi ni mjinga."

Bibi Ngolo alikiangalia kinavyokwenda, kimejaa hewa katikati, kinazunguka taratibu.

"Kiache kitembee," alisema. "Kimekaa kwenye begi miaka mingi. Na wewe vua hivyo viatu."

Hiyo ndiyo sababu ya vipande vinane kwenye meza ya Shanwe leo.

Tangu siku ile simu ya Sikujua haipoi. Deusdedit ameagiza majoho kumi mepesi ya rangi ya majani makavu, yakae kwenye boti yake, ili atakayekuja amevaa mtego afunikwe bila maswali. Kikundi cha walimu nacho kimeuliza nguo za mtoni. Ana mpango wa kununua cherehani ya pili na kuweka ubao mpya mlangoni.

"Nitawaambia yote niliyowaambia wenzangu," anasema. "Mikono mirefu, raba, kofia ya kamba. Kila kitu nilikipatia. Rangi tu. Sasa nina rangi."

Na jora la Mwanne? Kipande kilichobaki amempa Deusdedit. Naye amekitundika kwenye mti ng'ambo ya gati, mbali na boti, na anasema kinafanya kazi vizuri sana.

Mchana unakaribia Scola anapoingia. Jicho limepona, kope zimerudi kazini. Mkononi ana mfuko wa nailoni unaong'aa, na ndani yake shuka jipya kabisa, halijafunguliwa.

"Mama Ngolo, nimeleta fidia. Ni la kitanda cha sita kwa sita."

Bibi Ngolo anautazama mfuko. Sikujua anautazama. Shuka ni la bluu.

"Scola," anasema Sikujua.

"Nini? Lilikuwa zuri!" Kisha naye analiona. "Ee Mungu wangu."

"Katandike kwako, mwanangu," anasema Bibi Ngolo, akijifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa khanga. "Ukipata mchumba tutajua kafuata nini."

Sikujua ameshamaliza sehemu yake. Vipande vinne vimeungana upande huu, vinne upande ule, kwa mashine, mshono umenyooka kama rula. Uliobaki ni mshono wa katikati. Huo hakuugusa. Anatunga uzi kwenye sindano ya magunia, kwa sababu macho ya mama hayaoni tundu tena, kisha anampa.

Bibi Ngolo anashona polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni. Anakaza kila hatua.

"Mayu, unapinda."

"Unapinda kama wa baba yako. Uache."

Anafika pembeni, mahali kilipokuwa kipande cha Scola. Pana pengo, upana wa uso wa mtu. Sikujua anachagua kitambaa kwenye boksi la vibaki, anaacha cheupe, anachukua cha rangi ya maziwa. Anakiweka juu ya pengo, anakipima kwa kiganja.

Mama yake anakiondoa.

"Hapo acha wazi," anasema. "Mwakani mtoni nitachungulia hapo."